Mfongo Usiofika Tambarare

Wazee wetu wa mlimani walijua jambo moja ambalo mabingwa wa uchumi huliandikia vitabu vinene: maji yaliyofunguliwa juu hayana faida mpaka yamefika shambani. Walichimba mifongo, ile mifereji ya asili inayoyachukua maji mtoni na kuyatembeza kwenye migomba ya kila ukoo. Kila mfongo ulikuwa na zamu zake, na wazee wa kuzisimamia zamu hizo. Mwenye kihamba cha juu aliyeziba njia ili migomba yake inywe mara mbili aliitwa mbele ya wenzake akajieleza. Sijapata kusikia mzee wa mfongo aliyesimama kwenye banio akasema, "Maji nimekwisha kuyafungua, mengine msiniulize." Aliulizwa mpaka mtu wa mwisho, kule tambarare, alipolowesha udongo wake.

Nimeanza na mfongo kwa sababu nataka kugombana na Benki Kuu ya Tanzania, na sipendi kugombana nayo kwa maneno ya kuazima. Nitasema mapema ninachodai. Benki Kuu imejifunza vizuri kufungua na kufunga banio, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini haijashughulika vya kutosha na njia ya maji. Walio juu wanaendelea kunywa mara mbili, na sisi wa Masama tunatangaziwa redioni kwamba maji yamefunguliwa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Wengi wetu tukiisikia Benki Kuu hudhani ni ghala la noti lenye askari mlangoni. Ghala lipo, lakini si kazi yake kubwa. Benki hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikafungua milango tarehe 14 Juni 1966, na Gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, mtu wa huku huku mlimani. Kabla ya hapo sarafu yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha wakoloni. Sheria ya mwaka 1995, na tena ile ya mwaka 2006, ziliipa jukumu moja mbele ya mengine yote: kulinda utulivu wa bei, yaani kuhakikisha kwamba shilingi ya leo haitakuwa kipande cha karatasi kesho kutwa.

Inafanyaje kazi hiyo? Haimkopeshi mwananchi hata senti. Wateja wake ni serikali na mabenki. Mabenki nayo kila siku hupiga hesabu, moja ikajikuta imepungukiwa na nyingine imebakiwa, yakakopeshana kwa siku moja au siku saba. Benki Kuu huingia katika soko hilo. Ikiona fedha zimezidi mno huuza dhamana zake na kuzivuta zile fedha ndani. Ikiona zimekauka hukopesha na kuziachia. Aidha, kila benki inalazimika kuweka sehemu ya amana za wateja wake Benki Kuu bila kuigusa. Mwaka 2020, korona ilipobana biashara, akiba hiyo ya lazima ilipunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6, ili mabenki yabaki na fedha zaidi za kukopesha.

Kwa miaka mingi Benki Kuu ilipima ujazi wa fedha, yaani wingi wa shilingi zilizomo katika mzunguko. Tangu Januari 2024 inatangaza kiwango cha riba, kinachoitwa Riba ya Benki Kuu, na kuhakikisha kwamba mikopo ya siku saba baina ya mabenki haiachani na kiwango hicho kwa zaidi ya pointi mbili. Ilianza na asilimia 5.5. Aprili 2024 ikapanda hadi 6. Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Matumaini ni kwamba riba hiyo ikishuka, mabenki nayo yatawashushia wakopaji, watu watakopa, watajenga, wataajiri. Na ikipanda, watu watapunguza kukopa na bei zitatulia. Huo ndio mfongo wao. Banio liko Dar es Salaam na Dodoma. Mashamba ni nchi nzima.

Sasa, kabla sijaigeukia Benki Kuu, nina ugomvi na wenzangu wawili.

Wa kwanza ni yule anayesema, "Mfumuko wa bei wa asilimia 3 unanihusu nini mimi? Utulivu wa bei hauliwi." Maneno hayo husemwa na kijana ambaye hakuiona miaka ya themanini. Mimi niliiona. Nilianza kufundisha shule ya msingi miaka ya sabini, na kila mwezi niliweka kidogo katika kitabu cha akiba, nikikusudia kuezeka nyumba kwa bati. Mwaka 1985 fedha zile zilitosha bati. Mwaka 1990 zilitosha misumari. Hakuna jambazi aliyekuja usiku. Kitabu kilikuwa kabatini, tarakimu zilikuwa zile zile, tena zimeongezeka kwa riba. Kilichoondoka ni thamani. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, na katika nchi yetu zilikuwa zikipanda kwa kasi ya namna hiyo, kitu cha shilingi 100 baada ya miaka 10 kinauzwa karibu shilingi 1,380. Tajiri alikuwa na magari, nyumba na dola zilizofichwa. Hivyo vilipanda bei pamoja na vitu vingine. Maskini alikuwa na noti. Mfumuko wa bei ni kodi isiyopigiwa kura bungeni, na humtoza zaidi yule mwenye kidogo.

Mkulima wa kahawa naye alinyolewa kwa namna yake. Kahawa yake iliuzwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, lakini yeye alilipwa kwa shilingi iliyopangiwa thamani ofisini. Mwanzoni mwa 1986 dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa kama shilingi 17, na kila mtu sokoni alijua kwamba bei hiyo ni ya uongo. Tofauti kati ya uongo huo na ukweli ilitoka katika jasho la mkulima. Mtei, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo suala hilo hilo la thamani ya shilingi. Kufikia mwisho wa 1995 dola ilikuwa imepita shilingi 500. Jambo lililokataliwa kufanywa kwa hatua lilikuja kufanywa kwa maporomoko. Kwa hiyo anayedharau bei zilizotulia namwambia akamwulize mama yake.

Mwenzangu wa pili ni yule anayesema, "Benki Kuu ina mitambo ya noti, ichapishe, itugawie wakulima." Huyu ana huruma, ila huruma yake inaua. Majirani zetu wamekwisha kutufundisha. Uganda, chini ya Idi Amin, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yao, Joseph Mubiru, aliuawa mwaka 1972, na fedha ikawa mali ya watawala. Mwaka 1987 serikali iliyokuja baadaye ililazimika kufuta sifuri mbili, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya. Zaire ya Mobutu ilichapisha mpaka mwaka 1993 ikatoa zaire mpya moja kwa zaire za zamani milioni tatu, na watu wa Kasai wakaikataa kabisa. Zimbabwe mwaka 2008 waliuza mkate kwa mabilioni. Katika nchi zote hizo hakuna mkulima aliyetajirika kwa noti mpya. Noti mpya huwafikia kwanza walio karibu na mtambo, wakanunulia kwa bei ya jana; zinapofika kijijini bei ni ya kesho.

Na yupo ndugu yao wa tatu, asemaye serikali iamuru tu kwamba riba isizidi kiasi fulani. Kenya walijaribu. Mwaka 2016 walipitisha sheria kwamba riba ya mikopo isizidi pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu yao. Mabenki yalitii, kisha yakawafungia mlango wenye duka dogo na pikipiki moja, yakapeleka fedha serikalini ambako hakuna hatari. Mwaka 2019 sheria ikaondolewa. Ukiamuru maji yauzwe kwa bei ndogo bila kuiangalia njia, mwenye shamba la juu atakachofanya ni kuacha kuyauza.

Hao nimewajibu. Sasa naigeukia Benki Kuu.

Hebu msomaji tuhesabu pamoja. Benki Kuu ilipotangaza asilimia 5.75, mabenki ya biashara yalikuwa yakiwakopesha wananchi kwa wastani wa kama asilimia 15. Yule anayeweka akiba ya kawaida katika benki hizo hizo alipewa kiasi cha asilimia 3. Asiyefaulu kuingia benki huenda kwa watoa mikopo midogo, ambao Benki Kuu imewaruhusu kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12 upate asilimia 42 kwa mwaka. Na chini ya hao wako wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu, wanaotoza wapendavyo. Wengine wamehamia kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyofanya kazi bila leseni.

Ngazi ndiyo hiyo: 5.75, 15, 42, na kuendelea. Kadiri unavyoteremka mlima ndivyo riba inavyopanda. Mwenye nacho hukopa kwa bei ndogo kuliko asiye nacho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hapa anamjua vizuri, na anamkopesha.

Tuseme basi kwamba ile robo ya asilimia iliyopunguzwa Julai 2025 ingeshuka yote mpaka kwa mkopaji, bila tone kupotea njiani. Kwa mkopo wa shilingi milioni moja, robo ya asilimia ni shilingi 2,500 kwa mwaka mzima. Haifiki bei ya nusu kilo ya nyama. Nayo haikushuka yote.

Jirani yangu mmoja, mjane, anauza maziwa na ndizi Kwa Sadala. Alitaka mtamba wa pili. Benki aliyoiendea ilimtaka hati ya ardhi. Kihamba anacho, kimerithiwa vizazi kwa vizazi, na mpaka wake ni masale yaliyopandwa na babu wa marehemu mumewe; hapa kijijini hakuna mahakama inayoshinda masale. Lakini karani wa mkopo hasomi masale. Mama yule akakopa kwa watu wa marejesho ya kila wiki, na mtamba alipougua akauza yule ng'ombe wa kwanza ili alipe. Siku moja tulikutana barabarani, akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nasikia redioni riba imeshuka. Imeshukia wapi?"

Sijapata kusikia swali la uchumi lililo bora kuliko hilo.

Najua majibu ya mabenki. Watasema mkopo mdogo una gharama kubwa, kwamba mtu wa Masama yuko mbali, kwamba wengine hawalipi, kwamba mahakama huchukua miaka. Yote yana ukweli. Lakini kuna jibu moja ambalo hawalitaji kwa sauti. Aprili 2021 serikali ilipouza kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, iliahidi kumlipa mnunuzi asilimia 15.95 kila mwaka. Wewe ungekuwa meneja wa benki ungefanya nini? Ungepanda mlima kwa gari la benki kumtafuta mama wa mtamba mmoja, au ungekaa ofisini, uikopeshe serikali, ulale usingizi miaka 25? Hatuwezi kumlaumu fahali kwa kula majani yaliyo karibu. Serikali inayolilia mikopo nafuu kwa wakulima ndiyo hiyo hiyo inayonywa kwenye mfongo juu yao.

Wakati huo huo, madhara ya shilingi hayahitaji mfereji. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300; mwishoni mwa 2024 ilikuwa imepita 2,600 kabla ya kurudi nyuma. Mwenye kahawa ya kuuza nje alipata nafuu kidogo, nakubali. Lakini dawa ya kahawa, mafuta ya pikipiki na spea za pampu vinanunuliwa nje, na bei zake zilipanda Bomang'ombe bila kungoja kikao chochote cha Kamati ya Sera ya Fedha. Hasara ina miguu. Faida hubebwa mgongoni, na mara nyingi mbebaji hachoki kupumzika.

Wapo watakaonijibu kwamba Benki Kuu si benki ya maendeleo. Kazi yake ni bei, na mambo ya mjane wa Masama ni ya wizara nyingine. Jibu hilo lingetosha kama Benki Kuu ingekuwa na banio tu. Lakini ndiyo inayotoa leseni kwa mabenki na kuyakagua. Ndiyo iliyokabidhiwa watoa mikopo midogo kwa sheria ya mwaka 2018. Ndiyo iliyoridhia ile asilimia 3.5 kwa mwezi. Mfongo wote umo mikononi mwake, kuanzia mtoni mpaka kwenye tuta la mwisho.

Tena imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka inaweza. Julai 2021 ilitangaza kutenga shilingi trilioni moja za kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10, na ikaahidi kulegeza akiba ya lazima kwa benki itakayokopesha kilimo kwa kiwango hicho. Hiyo ilikuwa akili ya mzee wa mfongo: utapata maji zaidi ukiyapitisha. Nilishangilia. Hata hivyo, katika kijiji chetu sijakutana na mkulima hata mmoja aliyeniambia kwamba mkopo wa namna hiyo ulimfikia. Kama uliwafikia wa kwingine, tuambiwe ni wapi, wangapi, na walikopa kiasi gani.

Ndiyo maana madai yangu si makubwa. Sidai noti mpya. Sidai wanasiasa wamwamuru Gavana. Nchi zilizofanya hivyo nimezitaja. Nadai mambo matatu.

La kwanza, kila Benki Kuu inapotangaza riba yake, itangaze pamoja nayo imefika wapi: mkulima wa Hai alikopa kwa asilimia ngapi, wa Kigoma ngapi, mfanyabiashara wa Kariakoo ngapi, na kila benki kwa jina lake ilikopesha kijijini kiasi gani. Aliye juu akijua kwamba anahesabiwa, huziba njia kwa woga.

La pili, serikali ipunguze kiu yake. Haiwezekani mnunuzi mkubwa kuliko wote aingie sokoni kila mwezi na fuko, kisha tushangae kwamba bei ya fedha haishuki.

La tatu, masale yasomeke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hakimiliki ya kimila. Hati hizo zitolewe kwa gharama ambayo mjane anaimudu, na Benki Kuu iyatake mabenki yazipokee, si kuzitazama kama karatasi za kufungia karanga. Kadhalika vyama vyetu vya akiba na mikopo visaidiwe kwa ukaguzi wa kweli. Watu wa mlima huu waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 na KNCU mwaka 1933, wakati hakuna Benki Kuu wala Gavana, na Aprili 2025 nchi ilizindua Benki ya Ushirika iliyokua kutokana na benki ya ushirika ya hapa Kilimanjaro. Hatuanzi sifuri. Mfereji umeshachimbwa, umejaa tope.

Bei zilizotulia ni jambo jema, nami nitakuwa wa kwanza kuzitetea mbele ya yeyote anayezichezea. Lakini utulivu huo unalindwa kwa gharama. Riba inapopandishwa ili shilingi isianguke, kama ilivyofanywa Aprili 2024, anayebanwa kwanza ni mkopaji mdogo, maana ndiye wa kwanza kukataliwa. Anayeshiriki kulipa gharama ana haki ya kushiriki kunywa. Gavana anayekuja baada ya huyu, na atakayemfuata, wajue kwamba huku juu kwenye migomba kuna watu wanaosikiliza tangazo la riba mpaka mwisho, na swali lao litakuwa lile lile mpaka lijibiwe: imeshukia wapi?